Lavenda nilizopanda Arusha, na ile moja aliyoikubali mama

Kila wiki hakosi mteja anayesimama mlangoni mwa chumba changu cha kushonea, akavuta pumzi, akauliza harufu hiyo inatoka wapi. Nampeleka uani. Akishaviona vile vichaka vya rangi ya majivu na masuke yake ya zambarau, swali linalofuata huwa lile lile: "Dada, na mimi naitaka hiyo lavenda. Ninunue ipi?" Nimelijibu mara nyingi, futi ikiwa shingoni na nguo ya mtu mezani, nusunusu. Leo nalijibu lote, kwa sababu neno lavenda ni kama neno ndizi. Mtu akikutuma ndizi sokoni bila kusema kama ni mshare, mzuzu au kisukari, utamletea uliyoiona kwanza, na mchana atakosa cha kupika.

Mimi ni fundi cherehani. Nakaa Sakina, Arusha, kwenye kiwanja chenye mteremko kidogo, Mlima Meru ukiwa mgongoni. Lakini nimezaliwa na kulelewa Tanga, na huko kulelewa Tanga ndiko kulikoamua sehemu kubwa ya haya ninayoandika. Kwetu nguo haikunjwi ikaachwa hivi hivi. Bibi yangu alikuwa akitia mkadi, asumini na mrehani kati ya kanga na kanga, na siku ya harusi, sanduku lake likifunguliwa, nyumba nzima ilijua kuna shughuli. Nilipohamia Arusha mwaka 2009 mkadi niliuacha pwani. Miaka ikapita nikiweka vipande vya sabuni kwenye kabati, mpaka siku niliyokwenda kupima madirisha ya mapazia kwenye nyumba moja ya wageni huko Usa River. Kando ya njia kulikuwa na mstari wa vichaka hivi. Nilipita, gauni likayapangusa majani, na harufu ikanifuata mpaka ndani. Pale pale nikaamua kwamba hiki ndicho cha kukaa mahali pa mkadi.

Juni 2021, masika yalipokwisha, nikaenda kwenye kitalu cha kando ya barabara. Jina lake silitaji. Muuzaji akanionyesha miche ya bei mbili, ya Sh 3,000 na ya Sh 5,000. Hii ya 5,000, alisema, ni lavenda ya Kiingereza, "orijino mama, ndiyo ile ya kwenye manukato". Nikachukua miche 6, Sh 30,000, fedha niliyoipata kwa kushona sketi mbili. Nikikipima kitalu chenyewe kwa haki: miche ilikuwa na afya, mizizi imejaa kiriba bila kujizungusha, chini ya majani hapakuwa na mdudu, na muuzaji aliifunga vizuri kwenye boksi isivunjike njiani. Hayo nampa sifa yake. Ila udongo wa kwenye viriba ulikuwa mweusi tititi, samadi tupu, na lavenda haipendi shibe hiyo. Na kubwa kuliko yote, haikuwa ya Kiingereza.

Hilo nililijua baada ya miezi mitatu, nimekaa uani na shati la mtu mapajani, napinda. Nikachuma jani nikaliweka juu ya lile shati jeupe. Lilikuwa jembamba, urefu wa kama pingili mbili za kidole, na ukingo wake wote, huku na huku, ulikuwa na vijino vidogo vilivyolingana sawasawa, kama kitambaa kilichokatwa kwa mkasi wa zigizaga ili kisifumuke nyuzi. Lavenda ya Kiingereza haina vijino. Ukingo wake ni mnyoofu na umejikunja kidogo kwa chini, kama pindo lililokwisha kupigwa pasi. Niliyouziwa mimi kwa jina la kitaalamu ni Lavandula dentata, na hilo dentata kwa Kilatini maana yake ni yenye meno. Basi nami naiita lavenda ya meno.

Nikarudi kitaluni na jani langu. "Mama, zote ni lavenda," akanijibu, na nadhani alikuwa anasema kwa dhati, kwa kuwa naye aliuziwa vipandikizi kwa jina hilo hilo. Tofauti ya bei sikurudishiwa. Liliniuma na bado linaniuma. Anayenunua mche hanunui majani aliyoyaona siku ile, ananunua miaka miwili mitatu ya kungoja, na akipewa jina lisilo lake miaka hiyo hairudi.

Majina ya mazoea yenyewe hayasaidii. Mwingereza akisema lavenda ya Kifaransa huwa anamaanisha ile yenye masikio mawili matatu juu ya suke, Lavandula stoechas. Mmarekani akitamka jina hilo hilo anamaanisha hii ya meno, na ile ya masikio anaiita ya Kihispania. Halafu hiyo ya Kiingereza asili yake si Uingereza hata kidogo, ni milima ya kusini mwa Ulaya, upande wa Bahari ya Mediterania. Ilipata jina kwa kuwa Waingereza waliipenda na kuilima mno. Kwa hiyo ukienda kununua, ulizia jina la Kilatini, na kama muuzaji hana, pindua jani utazame ukingo.

Sasa nisimnyime mtu haki yake, na nisiinyime lavenda ya meno haki yake. Kwa bustani ya Arusha sijaona inayoikaribia. Asili yake ni Uhispania, kaskazini mwa Afrika na Uarabuni, na ukiitazama inavyokaa uani kwangu unaona kabisa kwamba joto la mchana halikuwahi kuwa jambo geni kwake. Ilichanua mara ya kwanza Oktoba 2021, na tangu hapo sikumbuki mwezi niliokosa maua kabisa. Julai, mawingu yanapokalia Meru wiki nzima na watu wanavaa makoti, yapo. Februari, vumbi limejaa mpaka kwenye nyaya za umeme, yapo. Kichaka kimoja kimenifika kiunoni na upana wake umezidi urefu. Suke lake ni fupi na nene, zambarau iliyofifia, na kileleni lina kishungi cha vijani vyepesi vya rangi hiyo hiyo.

Saa mbili asubuhi, jua likishakausha umande, nyuki wanaanza. Nyuki akitua, suke linalala mpaka karibu na ardhi kwa uzito wake, naye hashtuki, anaendelea kutoka ua hadi ua kichwa kikiwa chini, na akiruka suke linajirudi lenyewe na kutikisika kidogo. Nimeweka benchi la wateja mkabala na pale. Hata mwenye haraka ya kuchukua nguo yake hukaa.

Ukitaka ua wa kijani, nyuki, na kitu cha kutazama mwaka mzima, usitafute zaidi: lavenda ya meno, na hata ile Sh 5,000 ni halali yake. Sasa hivi mimi huipandikiza mwenyewe. Nakata tawi lisilo na ua, urefu wa kidole cha kati, navua majani ya chini, nachomeka kwenye mchanga ulio na unyevu kidogo, kivulini. Ndani ya wiki tano au sita ukilivuta kidogo linakataa kutoka, ujue limeshika.

Tatizo lilitokea kabatini.

Desemba 2021 nilivuna masuke, nikayafunga mafungu na kuyaning'iniza kichwa chini kwenye chumba cha giza kwa wiki mbili, nikayapukuchua na kushona vifuko vya vipande vya kitenge vilivyobaki kwenye kapu. Kimoja, cha kitenge cha njano, nikampelekea mama Tanga. Wiki haikuisha nikampigia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kile kifuko chako nimekitoa nje."

"Kimefanya nini mama?"

"Kinanuka karafuu maiti. Nikifungua kabati moyo unaruka, nadhani kuna msiba."

Msomaji wa bara pengine hili atalipita, lakini wa pwani ameshanielewa. Karafuu maiti ni kafuri, ile inayotiwa kwenye maji ya mwisho ya kumwosha marehemu. Mtu aliyeosha watu wake kwa mikono yake, kama mama yangu, harufu hiyo haimpiti kama harufu nyingine. Nikakitoa changu mfukoni nikakinusa upya, nikanyamaza. Alikuwa mkweli. Lavenda ya meno ina kafuri ndani yake, na ina ile harufu kali ya mkaratusi. Ukipita kando ya kichaka kwenye upepo inapendeza, inaburudisha pua. Ukiifungia kabatini na kanga, ule utamu wa maua unaondoka na kafuri inabaki peke yake.

Hapo ndipo nilipoanza kuuliza lavenda kwa swali tofauti. Niliacha kuuliza ipi nzuri, nikaanza kuuliza ipi ina kafuri kidogo.

Ya pili kuipanda ilikuwa lavandini. Hii ni chotara wa lavenda ya Kiingereza na ndugu yake mwenye majani mapana, Lavandula latifolia, na kwa kuwa ni chotara haizai mbegu. Mtu akikuuzia mbegu za lavandini, rudisha pesa mfukoni. Huzalishwa kwa vipandikizi tu. Yangu niliomba kwa mtunza bustani wa ile ile nyumba ya wageni ya Usa River, mzee mkarimu sana, ambaye kichaka chake kimoja kilikuwa na kibao kilichoandikwa Grosso. Jina hilo ni la mkulima wa Vaucluse, kusini mwa Ufaransa, Pierre Grosso, ambaye miaka ya 1970 aina hii ilienea kutokana na mche wake uliohimili ugonjwa uliokuwa unamaliza mashamba ya lavandini. Yale mashamba ya Ufaransa unayoyaona kwenye picha, mistari ya zambarau mpaka mwisho wa macho, sehemu kubwa ni lavandini, na mafuta yake ndiyo yanayoingia kwenye sabuni za kufulia na za kuogea.

Alinipa vipandikizi 8, vikashika 5. Kichaka chake ni kikubwa na cha duara kama mto wa kukalia, vikonyo ni virefu, mkono mzima kutoka kiwiko mpaka kwenye vidole, na mara nyingi chini ya suke kubwa kuna masuke madogo yamechomoza pembeni. Kwa fundi anayetaka kusuka vikonyo na utepe, hakuna iliyo bora. Harufu yake ni nzito, inajaza chumba, na inakaa: kifuko nilichoshona 2023 bado kina kitu. Lakini kwangu inachanua mara moja tu kwa mwaka, mnamo Septemba na Oktoba baada ya baridi kupita, na kila kichaka hunipa masuke 30 au 40. Na kafuri imo, ingawa si kwa ukali wa ile ya meno. Nilipompa mama, alisema, "Hii afadhali. Iweke chooni." Ndiko iliko, kwake na kwangu, na nyingine kwenye sanduku la masweta. Huko inafanya kazi yake vizuri mno na naipendekeza bila wasiwasi.

Ya tatu ni ile ya masikio. Kwa sura ndiyo iliyonivutia kuliko zote, suke kama nanasi dogo, na juu yake vijani vya zambarau vimesimama kama masikio ya sungura. Nilinunua miche miwili kwa Sh 8,000 kila mmoja. Msimu mmoja ilipendeza kweli, watu walipiga picha. Msimu wa pili ikawa miti mitupu katikati na majani ncha tu, na kafuri yake inazidi hata ya meno. Haipendi chokaa kwenye udongo, tofauti na wenzake. Na kule jimbo la Victoria, Australia, imetangazwa kuwa gugu, jambo lililonifanya niwe naikata masuke kabla hayajakomaa mbegu. Ukiwa na chungu kizuri barazani na unataka kitu cha miezi michache, sawa. Kwa zaidi ya hapo, hela yako ina kazi nyingine.

Ikabaki ya Kiingereza yenyewe, Lavandula angustifolia, na hii ilinichukua muda mrefu kuliko nguo yoyote niliyowahi kushona.

Miche sikuiona popote niliyoweza kuiamini, kwa hiyo nikanunua pakiti ya mbegu kwenye duka la pembejeo mjini. Aina yake Munstead. Aina zinazotajwa sana ni hii na Hidcote, na zote mbili zina majina ya nyumba za watu: Munstead Wood, Surrey, kwa Gertrude Jekyll aliyekuwa mtaalamu mkubwa wa bustani, na Hidcote, Gloucestershire, kwa Lawrence Johnston. Hidcote ina zambarau iliyoiva zaidi, lakini ukiipanda kwa mbegu watoto hawafanani na mama, wengine hutoka weupe kuliko ulivyotarajia. Ukitaka Hidcote ya kweli, tafuta kipandikizi.

Februari 2022 nilichanganya mbegu kama 50 na mchanga wenye unyevu, nikaziweka kwenye kikopo ndani ya friji, karibu na maziwa, wiki tatu, kwa sababu mbegu hizi huamshwa na baridi. Watoto walikuwa wanaulizana mchanga unafanya nini kwenye friji. Nilipozisia kwenye trei, ya kwanza ilichomoza siku ya 16 na ya mwisho siku ya 40 na kitu, nimeshakata tamaa. Zikaota 17. Zikapona 9. Mche wa lavenda ukiwa mdogo ni kama uzi wa kushonea vifungo, ukimwagilia kwa kopo la kawaida unalala chini na hauinuki tena. Nilitumia chupa ya kupulizia ninayotumia kulowanisha nguo za kupiga pasi.

Miche 5 nikabaki nayo, 4 nikampa shoga yangu anayekaa Olmotonyi, juu zaidi, karibu na msitu, mahali ambapo Julai asubuhi pumzi yako unaiona. Ile zawadi ndiyo iliyonifundisha kuliko pakiti nzima.

Mwaka mzima yangu ilikua majani tu. Majani mazuri, ya kijivu, yananukia, lakini hakuna suke. Lavenda hii kwao imezoea kupita kwenye baridi kali ya miezi, halafu siku zirefuke. Kusini mwa Uingereza mwezi Juni jua hukaa angani zaidi ya saa 16. Arusha, tofauti ya siku ndefu kuliko zote na fupi kuliko zote haifiki nusu saa. Mche hauna namna ya kujua kwamba kiangazi kimefika, kwa sababu kwetu hakifiki. Kinachoweza kuusaidia kidogo ni baridi, na baridi hupatikana kwa kupanda juu.

Septemba 2023 vichaka vyangu viwili kati ya vitano vilitoa masuke 7. Saba, niliyahesabu kila asubuhi. Wiki hiyo hiyo shoga yangu akanipigia simu, anasema vichaka vyake vyote vinne vimechanua na ameacha kuhesabu alipofika 60. Mbegu moja, pakiti moja, trei moja. Tofauti ni ule mlima tu. Mwaka 2024 nilipata masuke 19, kwa hiyo nayo inazoea, lakini sitamdanganya mtu wa Sakina, Njiro au Moshi mjini kwamba ataona mstari wa zambarau wa Kiingereza uani kwake. Mtu wa Olmotonyi, wa Lushoto juu, wa Njombe ambako umande huganda, huyo ajaribu kwa moyo wote.

Shoga yangu alinipa fungu zima. Lilikuwa na suke jembamba, fupi, zambarau ya kuiva, na lilipokauka rangi haikupotea. Nikalinusa nikitafuta kafuri. Kama ilikuwepo, pua yangu haikuipata. Nilipokwenda Tanga kwa Idi, Aprili 2024, nikambebea mama kifuko cha kitenge cha bluu, bila kumwambia ni nini.

Alikishika mkononi, akakifinya, akakisogeza puani. Akakaa nacho muda.

"Humu umetia mrehani?"

"Hapana mama. Ni maua matupu, ya lavenda."

"Basi huyu na mrehani ni ndugu."

Na ni ndugu kweli. Lavenda, mrehani, mnanaa na rozimari ni ukoo mmoja wa mimea, na ndani ya lavenda ya Kiingereza kuna linaloli nyingi, kemikali ya asili inayotoa harufu, ambayo ndiyo hiyo hiyo inayopatikana pia kwenye mrehani. Mama yangu hajawahi kulisikia neno linaloli. Alikitia kifuko kati ya kanga zake mbili anazozipenda, akafunga mlango wa kabati, na mazungumzo ya lavenda yakaishia hapo.

Kwa anayetaka kupanda, aina yoyote, kuna mambo ambayo yalinigharimu na wewe hayana haja ya kukugharimu. La kwanza ni maji kusimama. Katika ile miche 6 ya mwanzo, miwili iliyokuwa chini ya mteremko ilikufa masika ya 2022. Majani ya chini yaligeuka rangi ya chai, nikadhani ni kiu, nikazidisha maji. Nilipoung'oa mmoja, mizizi ilitoka laini kama nyuzi zilizolowa, inanuka uozo. Baada ya hapo nikainua matuta urefu wa tofali mbili na kuchanganya udongo wetu na zile kokoto nyepesi nyekundu za volkano, karibu nusu kwa nusu, na hakuna mche mwingine uliokufa kwa mvua. Samadi situmii kabisa. Niliyoipa samadi ilinenepa, ikaanguka pande zote kama gauni lililopimwa vibaya, na harufu ikapungua. Mche ukishashika, maji ni mara moja kwa wiki wakati wa kiangazi, na mimi husubiri nichomeke kidole kwanza.

La pili ni mkasi. Baada ya maua kata theluthi ya juu ya kichaka, kila mwaka, pale penye majani bado. Usishuke kwenye mti mkavu usio na jani, hauchipui. Nililijua hilo kwa kukiua kichaka kimoja cha masikio. Na tumia mkasi wa kupogolea, si wa kitambaa. Utomvu ule unaharibu makali.

Na kwa walioko pwani, naomba mnisikilize. Mwaka 2022 nilimpelekea mama kichaka kizima cha meno, kwenye ndoo, ndani ya basi, nimekishika mapajani kutoka Arusha mpaka Tanga. Alikiweka barazani, akakitunza kwa mapenzi yote. Joto na unyevu wa hewa ya kule, usiku na mchana, vilikimaliza kabla ya miezi minne. Hata ndugu zangu wa Dar na Unguja walioniuliza nimewaambia hivyo hivyo. Nyinyi mna mkadi na asumini. Lavenda ya kwenu iwe ile iliyokauka, inayokuja kwa basi.

Mwezi uliopita mama alinipigia saa ya mchana, nikiwa na kazi ya sare za shule. Kile kifuko cha bluu kimepoa, anauliza, akitoe? Nikamwambia akifinye kwanza kwa vidole, maua yavunjike upya ndani. Akaniambia ningoje. Nikasikia mlango wa kabati, halafu kimya, halafu akarudi kwenye simu.

"Bado imo," akasema. "Lakini hao wa mlimani wakichanua, uniletee nyingine."